Utulivu Ulionifikisha Ukweni Bila Viatu

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kulificha mpaka kaburini, lakini kwa kuwa Butiama wameshalijua wote, na mafundi wenzangu hapa Musoma kila nikipita wananiuliza siafu hawajambo, nimeona bora mlisikie kwangu mwenyewe, maana wanaolisimulia wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nilifika ukweni nikiwa uchi, na huo ni uongo, nilikuwa sina viatu tu).

Inabidi nianzie Bunda. Mwezi wa kumi na mbili mimi na mke wangu Nyangeta tulikuwa tunatoka Mwanza kwenye harusi ya binamu yake, basi likasimama stendi ya Bunda, Nyangeta akasema anakimbia chooni mara moja, akaniachia pochi na simu yake, akaniambia, "Majura, angalia wasije wakaniacha." Nikamwambia sawa, na nadhani nilimaanisha, ila kuna fundi mmoja kwenye kundi letu alikuwa ametuma video ya kompresa inawaka moto, na mimi ni fundi wa friji, kompresa ikiwaka moto siwezi kugeuza macho. Kondakta akapita anauliza, "Hapo mko wote?" Nikajibu bila kuinua kichwa, "Tupo wote, twende." Nilikuja kugundua kwamba kiti cha pembeni yangu kina pochi peke yake tulipokuwa tunaingia Kiabakari.

Nikashuka hapo hapo na mizigo yote, nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyefukuzwa nyumba. Gari la nyuma likafika, Nyangeta akashuka (abiria walimchangia nauli, hilo sitalisahau), nikamwendea na pochi nimeinyoosha mbele, akaichukua, akafungua, akahakikisha simu yake imo, akaita bodaboda, akaondoka zake kwao Butiama bila kuniambia hata kwaheri. Krismasi nilikula peke yangu. Nilipompigia, alinijibu neno moja tu, akasema, "Nitarudi siku ukiwa na akili yako hapo ulipo. Mwili wako peke yake nimeshaishi nao vya kutosha."

Sasa mwaka mpya ukaingia, wenzangu wanaapa kuacha pombe, wanaapa kujenga, mimi nikaapa kutafuta akili yangu ilipo. Nikaipata video ya bwana mmoja mwenye sauti laini sana, amekaa kwenye mkeka, anafundisha kuishi kwa utulivu katika mambo ya kila siku. Mafundisho yake yalikuwa rahisi: kula polepole ukisikia kila tonge, tembea polepole ukisikia unyayo unavyogusa ardhi, usijibu swali kabla ya kuvuta pumzi tatu, zima simu, na akili ikianza kuzurura kaa chini popote ulipo, fumba macho, kila wazo linalokuja litaje kwa sauti bila kulihukumu, kisha liache lipite. Hilo la kutaja kwa sauti lilinipendeza kuliko yote, maana mimi mawazo yangu nisipoyasikia kwa masikio huwa siyajui.

Nikaanza bidii. Chai nilikuwa naichemsha nikiitazama na bado inamwagika, kwa sababu nilikuwa naangalia mvuke. Mama mmoja anayeuza samaki Mwigobero akaja mbio kuniambia friza lake limezima, akauliza nitafika saa ngapi, mimi nikafumba macho nikaanza kuvuta pumzi ya kwanza. Akanitazama, akasema, "Fundi, unaumwa? Samaki wangu hawana muda huo." Akaenda kwa fundi mwingine. Wala sikukasirika, nililitaja wazo la hasira kwa sauti, likapita, na mteja naye akapita.

Wiki chache baadaye Nyangeta akapiga mwenyewe. Sauti ilikuwa imelegea kidogo. Akasema, "Njoo Jumamosi, baba atakuwepo na baba mdogo, tuzungumze." Mimi nikajua hapo ndipo mlango ulipo, maana ndugu mmoja alikuwa ameshanidokeza kwamba baba mkwe amechoka, na kwamba mambo yakienda vibaya safari hii ataitisha kikao cha kurudisha ng'ombe. Mkisikia habari za kurudisha ng'ombe upande wetu mnajua maana yake: ndoa imekwisha, kilichobaki ni kuhesabu mifugo. Na mimi mke wangu nilikuwa namtaka. Nasema wazi, nilikuwa namtaka mpaka nalala na taa imewashwa.

Jumamosi nikavaa vizuri, viatu vyeusi nimevipiga rangi, nikapitia Mwigobero nikachukua sato wakubwa bado wanatikisa mkia, wakatiwa kwenye kikapu, nikapanda gari mpaka Makutano na gari jingine kuelekea Butiama. Niliposhuka, pale njia inapochepuka kwenda kwao, kijana wa bodaboda akasogea, "Kaka, kwa mzee Magoti? Panda." Na hapa ndipo uamuzi wangu mdogo ulipotokea, ule ninaoujutia. Nikamwambia hapana, leo natembea. Akaangalia jua, akaangalia kikapu cha samaki, akasema, "Kwani umegombanaga na pikipiki?" Mimi nikatabasamu kwa utulivu, nikavuta pumzi tatu, nilipomaliza alikuwa ameshaondoka. Kisha nikazima simu, nikaitia mfukoni, nikaanza kutembea.

Nilitembea vizuri sana. Macho yangu yalikuwa kwenye viatu vyangu, kisigino kinagusa, unyayo unagusa, vidole vinagusa, nikipitwa na kuku. Kichwa sikuinua hata mara moja. Njia ile inapita kati ya mashamba ya mihogo na mawe makubwa yale ya kule, na vichaka vimesongamana pande zote mbili, na kama ningeinua kichwa ningemwona mama mkwe anakuja mbele yangu kutoka mashineni, na beseni la unga kichwani.

Sasa kwa wasiojua: kule kwao (na hata kwetu Bukima, ila wao wameshika zaidi) mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Kumwona kwa mbali kanisani si neno, chakula chake unakula, salamu zenu zinapita kwa mtu wa tatu, lakini mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani, mwingine anapita haraka akiangalia upande mwingine, mambo yanaisha, hakuna aliyemwona mwenzake. Mama mkwe alifanya yake. Aliniona tangu mbali, akaingia nyuma ya kichaka na unga wake, akaninyamazia nipite.

Mimi ndio sikupita.

Nilipofika usawa wa kile kichaka, akili ilianza kuzurura. Nilianza kufikiria kikao, ng'ombe, uso wa baba mkwe, nikaona hapa naingia kikaoni nikiwa nimechanganyikiwa, ngoja nifuate mafundisho. Kulikuwa na jiwe zuri kando ya njia. Nikaketi. Nikavua viatu ili nisikie ardhi. Kikapu cha samaki nikakisukuma kwenye kivuli, chini ya kile kichaka, sato wasipate jua (walikuwa wameshaanza kunuka kidogo, mwendo wangu ule haukuwa mwendo wa samaki). Nikafumba macho. Nikaanza kutaja.

"Naona wazo la woga," nikasema kwa sauti ya yule bwana wa kwenye mkeka. "Wazo, nimekuona. Pita."

Likapita. Likaja jingine.

"Naona wazo kwamba leo baba mkwe atanisimulia tena ile habari ya ng'ombe wake aliyepotelea Mugeta. Naona wazo kwamba yule ng'ombe hakupotea, alikimbia kusimuliwa. Wazo, nimekuona. Pita."

Kichaka kikatikisika kidogo. Nikadhani ni upepo, nikafurahi hata, nikasema nasikia upepo.

"Naona wazo kwamba mchicha wa mama mkwe hauna chumvi. Tangu nioe haujawahi kuwa na chumvi. Wazo, nimekuona. Pita."

Jamani, mimi nilikuwa peke yangu kwa akili yangu yote. Mtu akiwa peke yake anasema. Na yule bwana alisema usihukumu, kila kinachokuja kipokee.

"Naona wazo kwamba mama mkwe akianza kuimba kwenye kwaya, mpiga kinanda anaacha kupiga anatazama dirishani. Naona wazo kwamba Jumapili ile ya mavuno mtoto mchanga wa jirani yetu aliamka akalia mpaka ibada ikaisha. Wazo, nimekuona."

Na hapo, badala ya wazo kupita, moyo wangu ukafunguka, sijui vipi, nikasikia machozi. Nikasema, na hili nilisema taratibu, "Naona wazo kwamba nyumba imekuwa kubwa. Nikirudi jioni naita jina lake mlangoni kwa mazoea, halafu nasimama pale pale. Naona wazo kwamba asiporudi sijui nitakuwa nafanya haraka kwenda kwa nani."

Hilo sikuliambia lipite. Sikupata nafasi, kwa sababu siafu walikuwa wamefika. Siafu wanapenda samaki, na kikapu changu kilikuwa kinadondosha maji, na njia yao ya kufika kwenye kikapu ilipita kwenye miguu ya mama mkwe. Yule mama alikuwa amesimama na siafu muda wote huo (nilikuja kuambiwa baadaye), amebana meno, anasubiri mkwe wake amalize kusema na mawazo. Kuna mahali mwili unakataa. Kichaka kikafunguka kwa kishindo, likatangulia beseni, unga wote ukanimwagikia kuanzia kichwani, na nyuma ya beseni akatoka mama mkwe anaruka, amekunja khanga juu ya magoti, anajipiga mapaja kwa mikono miwili na kuita jina la Yesu.

Nikafumbua macho. Na kwa bahati mbaya yangu, baada ya wiki zote zile za mazoezi, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama kitu kwa akili yote. Tukatazamana. Uso kwa uso, hatua mbili. Yeye akajifunika uso kwa ile khanga, jambo lililozidisha tatizo kule chini. Mimi nikapiga kelele, nikageuka nikimbie kurudi barabarani, nikakuta yeye ndiye yuko upande huo, nikageuka tena nikakimbia kwa upande uliobaki, na upande uliobaki ulikuwa unaelekea nyumbani kwake.

Nikaingia uani kwa mzee Magoti pekupeku, mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, siafu wawili kwenye shati, mikono mitupu. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake na mdogo wake pembeni, wote wamevaa makoti, maana ilikuwa siku ya heshima. Nikapiga goti. "Shikamooni wazee."

Kabla hawajaitika, Nyangeta akatokea mlango wa jikoni, akanitazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, na cha kwanza alichouliza ni, "Simu yako iko wapi?"

Nikasema nimeizima, kwa ajili ya utulivu.

"Nimekupigia mpaka nikachoka," akasema. "Nilitaka nikuambie mama ameenda mashineni kwa njia ile, upande bodaboda umpite haraka. Ule unga ulikuwa wa ugali wako."

Kabla sijajibu, upande wa nyuma wa nyumba tukasikia mtu anaingia jikoni, ndoo ya maji ikagongwa, sauti ya mama mkwe ikasema maneno kwa kilugha ambayo siwezi kuyarudia hapa. Baba mdogo akainuka, akaenda kusikiliza mlangoni, akarudi na uso tofauti na ule alioondoka nao. Akakaa. Akakohoa.

"Majura," akasema, "nakuuliza mbele ya kaka yangu. Njiani huko ulimwona mama yako, ama hukumwona?"

Sasa hilo swali lina jibu. Kila mwanamume aliyeoa upande ule analijua. Unasema "Sikumwona" papo hapo, kabla swali halijamaliza kutoka, wazee wanasema basi, kama hukumwona hakuna neno, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Hata kama mmegongana vichwa, hukumwona. Mzee yule alikuwa ananipa mlango wa kutokea, ameushikilia wazi kwa mkono wake.

Mimi nikafumba macho nikavuta pumzi ya kwanza.

Naapa sikukusudia. Mwili ulikuwa umeshazoea, swali likija pumzi zinaanza zenyewe. Nikasikia kiti cha baba mkwe kinalia. Nikavuta ya pili. Nyangeta akasema polepole, "Majura, jibu." Nikavuta ya tatu, nikafumbua macho, nikasema, "Sikumwona."

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Mtu asiyeona kitu haendagi kutafuta jibu mbali hivyo," akasema. Na baba mkwe akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nilikuwa nataka nikusaidie." Nikajua ng'ombe wanarudi. Nilijua kabisa. Unga ukawa unanidondoka chini kidogokidogo.

Hapo ndipo sauti ilipotoka jikoni. Mama mkwe hakusema na mimi, hawezi, alisema na binti yake, ila kwa sauti ya kufika kwa majirani.

"Nyangeta, mwambie baba yako kwamba yule ng'ombe wa Mugeta hakupotea, alikimbia kusimuliwa. Wamesema hivyo huko njiani."

Baba mdogo akaangalia chini, mabega yake yakaanza kutikisika, akajifanya anakohoa, akashindwa, akacheka mpaka akashika mguu wa kiti. "Kaka," akasema anafuta macho, "kaka, nisamehe, lakini na mimi nimekuwaga nikijiuliza." Baba mkwe akamtazama kwa hasira, kisha mdomo wake nao ukaanza kumsaliti pembeni.

"Na mchicha wangu hauna chumvi," sauti ikaendelea. "Na mimi nikiimba watu wanatazama dirishani. Siafu ningewavumilia, mwambie baba yako, siafu nilikuwa nimewazoea. Ni kwaya ndiyo iliyonichoma." Kisha sauti ikashuka. "Na mwambie pia alisema akirudi jioni anaita jina lako mlangoni. Alilia. Hakujua kuna mtu. Mimi nimesikiaga wanaume wengi wakijieleza kwenye vikao, huyu hakuwa kwenye kikao."

Hakuna aliyecheka hapo. Baba mkwe akapangusa unga uliokuwa umerukia kiatu chake, akasema nitaleta mbuzi wa kuondoa aibu ya mama, na mambo ya ng'ombe hataki kuyasikia tena katika uwanja wake, na mengine ni ya Nyangeta mwenyewe kuamua. Kisha wakaniletea chakula, ugali wa unga wa kuazima na mchicha, na ule mchicha, jamani, ulikuwa na chumvi ya mwaka mzima. Nilikula wote. Nilikula haraka.

Nyangeta alinisindikiza mpaka nje ya ua, akanipa ndala za baba yake. Nikaanza kumweleza mafundisho, jinsi nilivyojitahidi, unyayo, pumzi, tonge, akanikatiza. "Nani alikuambia nataka uvute pumzi?" akasema. "Pale Bunda nilitaka ugeuze shingo tu. Uone kama nipo. Miaka yote nataka hicho hicho." Nikamtazama, na sikuvuta pumzi yoyote, nilimwona amekonda kidogo mashavuni, na hereni moja hana, na nilikuwa sijui ameipoteza lini. Nikamuuliza. Akasema ilidondoka stendi siku ile alipokuwa akilikimbilia basi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mbuzi nilimpeleka Jumamosi iliyofuata na nikarudi naye Musoma, Nyangeta namaanisha, mbuzi alibaki. Yule bwana wa kwenye mkeka nimeshamfuta kwenye simu, sina ugomvi naye, ila mawazo yangu sasa yanakaa ndani ya kichwa yalikozaliwa, na mtu akiniuliza swali namjibu hapo hapo nikiwa nimemtazama usoni. Na nikienda ukweni naimba kwa sauti kubwa tangu ninaposhuka barabarani mpaka nafika uani, ili kila mtu aliye njiani apate muda wa kunikwepa. Naimba vibaya sana. Nyangeta ananiambia mama yake akinisikia anatoka nje ya jikoni, anasimama, anatazama upande mwingine, na anatabasamu mpaka nimalize.